Lukuga iliziba, ziwa likapanda: historia ya njia ya maji machafu, kutoka ziwani hadi ndani ya nyumba

Kalemie. Katika nyumba nyingi za Kalemie na Kongolo shida inaanza vilevile. Mama anamwaga maji ya kuoshea vyombo, na choo kilicho upande wa pili wa ukuta kinaguguma kama mtu anayesukutua mdomo. Siku mbili baadaye maji ya kuoga yanakawia kushuka. Wiki ikiisha, harufu inaingia mpaka chumba cha kulala, na baba mwenye nyumba anaanza kuuliza nani ametupa kitu ndani ya choo. Kama kuna jamaa waliokimbia vita na kupokelewa katika lupango, jibu linapatikana haraka: ni wao. Mara nyingi si wao.

Ili kuelewa kwa nini si wao, inafaa kuanza mbali kidogo, na tiyo kubwa kuliko zote katika jimbo la Tanganyika. Ni mto Lukuga. Ziwa Tanganyika linapokea maji ya mito mingi, Ruzizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka Tanzania na mingine midogo isiyohesabika, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, nao uko hapa Kalemie. Maji yanayotoka hapo yanapita magharibi, yanaingia Lualaba upande wa chini wa Kabalo, kisha yanapita mbele ya Kongolo kabla ya kubanwa katikati ya mawe ya Milango ya Jehanamu. Mkaaji wa Kongolo anayechota maji Lualaba anachota pia maji kidogo ya ziwa. Mlango huo wa Kalemie uliwahi kuziba kabisa, na watu walioufika wakati huo walibishana kwa miaka kama umeziba au haukuziba.

Wa kwanza kuandika juu yake alikuwa Mwingereza Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini. Alifika Ujiji mwezi wa pili wa mwaka 1874, akachukua mitumbwi, akashuka ukingo wa mashariki, akazunguka kusini na kupanda tena upande wa magharibi. Mwezi wa tano mwaka huohuo aliingia Lukuga. Aliona mdomo mpana, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa imefungwa na mchanga ulioota majani. Alisonga mbele maili chache, akakwama penye mafunjo na majani yaliyoshonana juu ya maji. Hata hivyo aliona maji yanasonga taratibu kwenda magharibi, na wenyeji walimwambia kwamba mto unaendelea mpaka Lualaba. Katika vitabu vya Ulaya iliandikwa kwamba Cameron amevumbua mlango wa ziwa. Wenyeji waliomwonyesha njia, ambao walikuwa wanajua maji yanaenda wapi tangu kwa babu zao, hawakuandikwa kama wavumbuzi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1876, Henry Morton Stanley alizunguka ziwa lote na mashua yake Lady Alice. Alipofika Lukuga alipima kama maji yanakwenda au yamesimama. Upepo ukitoka ziwani yalisukumwa ndani, upepo ukilala yalirudi. Alimaliza kwa kusema kwamba kwa wakati ule Lukuga haikuwa inatoa maji ya ziwa, ila ziwa likizidi kupanda litavunja kizuizi na kutoka. Kupanda kwenyewe alikuwa amekuona kwa macho: huko Ujiji, mahali alipopajua mwaka 1871 kuwa pakavu, alipomkuta Livingstone, maji yalikuwa yameshaingia.

Nani alikuwa na haki? Mtu aliyewahi kuangalia maji ya kuoga yanayokawia sakafuni atajibu haraka: wote wawili. Tiyo ikianza kuziba huwa inapitisha kidogo. Leo inapita, kesho haipiti, mvua ikinyesha inarudisha. Cameron alikuta siku ya kupita, Stanley akakuta siku ya kusimama. Mtu wa nyumba anayemwambia fundi «lakini jana ilikuwa inashuka vizuri» hasemi uongo, na fundi anayesema imeziba hasemi uongo.

Sababu ya kuziba kwa Lukuga nayo inafanana sana na ile ya nyumbani. Kwa miaka mingi ziwa lilikuwa chini, maji hayakuwa na nguvu ya kutoka. Vijito vinavyoingia Lukuga kutoka milimani viliendelea kuleta udongo na mchanga, na kwa kuwa hapakuwa na maji mengi ya kuusukuma mbele, ukakaa palepale. Juu ya udongo yakaota mafunjo, mafunjo yakashika udongo mwingine. Ndivyo inavyokuwa katika tiyo ambayo haipati maji ya kutosha: uchafu hausukumwi, unalala, na ule wa kesho unalala juu yake. Katika mji ambao maji ya Regideso hayafiki kila siku katika kila kata, na watu wanamwaga chooni kopo moja la maji badala ya ndoo nzima, jambo hili ni la kuangalia sana. Vyoo vingi vya maji vinaziba kwa kukosa maji.

Kisha mvua zikawa nyingi, ziwa likapanda. Mwaka 1878 lilifika karibu mita 783 juu ya usawa wa bahari, na kizuizi kikakatika. Edward Coode Hore, baharia wa wamisionari wa London aliyekuwa Ujiji, alifika Lukuga mwaka 1879 akakuta mto unaokwenda kwa kasi. Joseph Thomson alifika mwaka huohuo akaona vilevile. Ubishi uliisha. Ziwa likaanza kushuka, na kwa miaka kama 15 likapoteza karibu mita 10. Mtu akienda leo Ujiji kuangalia mahali pa ukumbusho wa Livingstone na Stanley, anashangaa kukuta maji yako mbali na pale.

Hapa kuna jambo ambalo wakaaji wa Kalemie wangefaidika kulijua kabla ya kununua lupango. Kapteni Mbelgiji Jules Jacques alianzisha kituo cha jeshi cha Albertville mwaka 1891, wakati ziwa lilikuwa bado linashuka. Mji uliofuata, pamoja na bandari na stesheni ya reli, ulijengwa karibu na maji. Ukipima kwa hesabu ya mita 783, kila mahali pa mji palipo chini ya kimo hicho palikuwa sakafu ya ziwa miaka 13 tu kabla ya Jacques kusimamisha bendera. Si hadithi ya zamani sana. Ni umri wa mtoto wa shule. Nyumba za kando ya ziwa zilijengwa juu ya udongo ambao ziwa lilikuwa limeuazima, na ziwa halijawahi kutia sahihi kwamba halitarudi.

Limerudi zaidi ya mara moja. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 ziliinua maziwa yote ya Afrika Mashariki, na mwaka 1964 Tanganyika ilifika mita 777 na kidogo. Mwezi wa nne mwaka 2024 ilipimwa tena kwenye mita 777, karibu sawasawa na ile ya 1964. Familia za kando ya ziwa, Kalemie kama Uvira na Bujumbura, zilitoka ndani ya nyumba zao na vyombo kichwani. Na kabla maji hayajaonekana mlangoni, yalikuwa yameshaonekana chooni.

Hilo la mwisho ndilo linalohitaji maelezo, nalo linataka kwanza kujua nyumba hizi zilijengwa vipi.

Kalemie haina mfereji mmoja wa chini ya ardhi unaokusanya maji machafu ya mji wote, wala Kongolo haina. London ilijenga mfereji wa namna hiyo baada ya kiangazi cha mwaka 1858, mto Thames uliponuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa katika jengo lao, na injinia Joseph Bazalgette akapewa kazi. Miji ya reli ya Kongo ilipewa kitu kingine. Kampuni ya reli, CFL, ilifikisha njia ya Kindu hadi Kongolo mwaka 1911, na ile ya Kabalo hadi Albertville mwaka 1915. Kando ya stesheni zilipanda nyumba za matofali za wakubwa wa kazi, zenye choo cha maji na fosi nyuma ya nyumba. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa katika mitaa yao, mbali kidogo, na choo cha shimo. Mpaka leo mtu anaweza kujua mpaka wa miji hiyo miwili kwa kuuliza tu: hapa watu wana fosi au shimo?

Fosi yenyewe ni wazo la Mfaransa. Jean-Louis Mouras, wa mji wa Vesoul, alijenga karibu mwaka 1860 tangi la kufungwa ambalo maji ya choo yaliingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Baada ya miaka mingi alilifungua akakuta uchafu mzito ni kidogo kuliko alivyotazamia. Ulikuwa umeyeyushwa na vidudu visivyoonekana. Alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1881. Mwaka 1895 injinia mmoja wa mji wa Exeter, Uingereza, alijenga kubwa zaidi na kuipa jina ambalo dunia nzima inalitumia. Jina lake lilikuwa Donald Cameron. Si yule wa Lukuga, ila mtu akitaka kukumbuka historia ya kuziba na kuzibua, inatosha akumbuke akina Cameron wawili.

Ndani ya fosi mna tabaka tatu. Chini kuna matope mazito, juu kunaelea mafuta na povu, katikati kuna maji. Ni hayo ya katikati tu yanayopaswa kutoka, na yanaenda katika shimo la pili lililojazwa mawe, ambalo Wafaransa wanaliita shimo la kupoteza maji, ili yanywewe na ardhi. Matope hayaishi yote. Yanaongezeka kila mwaka, na fosi inatakiwa kunyonywa kila baada ya miaka michache. Isiponyonywa, matope yanafika kwenye mdomo wa kutokea, yanaingia shimo la mawe na kuziba vitundu vya udongo wenyewe. Hapo hakuna waya wala kemikali itakayosaidia. Inabidi kuchimba shimo jipya.

Sasa fosi iliyohesabiwa kwa mtumishi wa reli, mke na watoto watatu, inabeba nani leo? Nyumba nyingi za zamani zimegawanywa kati ya familia mbili au tatu. Halafu ikaja vita. Ugomvi kati ya Watwa na Waluba uliowaka kwa nguvu mwaka 2016 na 2017 uliwaleta watu wengi mno Kalemie kutoka vijijini. Wengine walikaa katika kambi kama Katanika na Kalunga, wengi wakapokelewa na ndugu na marafiki ndani ya mji. Nyumba ya watu watano ikawa ya watu 15. Fosi ambayo maji yalikuwa yanatulia ndani yake siku tatu sasa inapata siku moja tu. Matope hayana muda wa kuzama, yanatoka pamoja na maji. Wageni wanaongeza mwendo wa shida iliyokuwa inakuja. Lakini kama fosi haijafunguliwa tangu baba mwenye nyumba alipoirithi, deni ni la zamani kuliko wageni.

Ndiyo maana ni vizuri kusoma alama kabla ya kutafuta mwenye kosa.

Alama ya kwanza ni hesabu. Kama ni lavabo moja tu isiyoshusha maji, na choo na bafu vinakwenda vizuri, ugonjwa uko katika tiyo ya lavabo hiyo, mara nyingi pale inapojikunja. Mkunjo huo una historia yake: ulibuniwa na fundi wa saa, Mskoti Alexander Cumming, mwaka 1775, ili maji kidogo yabaki katikati na kuzuia harufu isirudi. Nyumba ambayo haijatumiwa kwa mwezi inanuka hata kama haina ugonjwa wowote, kwa sababu maji ya mkunjo yamekauka. Kopo la maji linatosha kuponya. Wapo waliolipa fundi kwa harufu ya namna hiyo.

Kama vyombo viwili au vitatu vinakawia kwa pamoja, ugonjwa uko mbele zaidi, kwenye tiyo kubwa wanayochangia. Hapo ndipo choo kinapoguguma lavabo inapomwagwa. Maji yanayoshuka yanasukuma hewa, hewa haina pa kwenda mbele, inarudi na kutokea chooni. Sauti hiyo inatangulia uchafu kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki. Anayeisikia na kuchukua hatua anashinda. Anayeongeza sauti ya redio ataona mwenyewe.

Alama ya tatu iko chini. Maji yakikosa njia yanatokea kwanza mahali palipo chini kuliko pote, na katika nyumba nyingi ni tundu la sakafu ya bafu. Mtu akimwaga ndoo chooni, kisha akaona maji yenye rangi yanapanda bafuni, asimwage ndoo ya pili ili kusukuma. Kilicho ndani kitatoka chote.

Baada ya hapo mtu anapaswa kujua kama tiyo imeziba kabla ya fosi, au fosi yenyewe imejaa, au ardhi imekataa kunywa. Jibu linapatikana kwa kufungua kifuniko na kuangalia, mchana, pakiwa na mtu wa pili, bila moto wala sigara, na bila kuingiza kichwa. Kama fosi ina kimo chake cha kawaida, sawa na mdomo wa kutokea, na nyumba inarudisha maji, basi tiyo kati ya nyumba na fosi ndiyo imeziba. Waya mrefu au mti wa mwanzi unaweza kuifungua. Wanaokuta humo mchanga na majivu ya kusugulia sufuria wasishangae, wala bukari iliyovimba, wala vitambaa, wala mafuta ya mawese yaliyoganda. Mawese yanayomwagwa yakiwa moto yanapoa katika tiyo na kushika kila kinachopita. Kama fosi imejaa kupita mdomo wa kutokea, shida iko mbele yake. Mara nyingi majani yaliyo juu ya shimo la mawe yanaonyesha: wakati wa kiangazi, lupango lote likiwa limekauka, kipande hicho kinabaki kijani na laini chini ya mguu.

Na kuingia ndani ya fosi hapana kabisa. Hewa ya humo inaua kwa dakika chache, na wakati mwingine hainuki tena kwa sababu pua yenyewe imekwisha kulewa. Katika nchi nyingi habari ni ileile: kijana anashuka kuchota matope, anaanguka, ndugu yake anashuka kumtoa, anaanguka pia. Anayepatikana ameanguka anasaidiwa kwa kamba kutoka juu, kama alifungwa kamba kabla ya kushuka. Bora kazi ifanywe na ndoo yenye mti mrefu, mtu akiwa amesimama nje.

Sasa ziwa linarudi katika habari. Katika miezi ya mafuriko ya 2024, na katika kila mwaka ambao maji yanapanda, nyumba za kata za chini zinaonyesha alama zote za kuziba bila kuwa na kitu kilichoziba. Maji ya chini ya ardhi yanapanda pamoja na ziwa. Shimo la mawe linajaa kutoka chini, fosi inajaa, tiyo inasimama. Fundi anaingiza waya, waya unapita bila kizuizi, analipwa, anaondoka, na kesho choo kimejaa tena. Kipimo chake ni rahisi. Fosi ikinyonywa jioni na asubuhi ikakutwa imejaa maji mepesi ingawa hakuna mtu aliyetumia choo usiku, maji hayo hayakutoka nyumbani. Kipimo kingine ni kuangalia kisima cha jirani: kama maji ya kisima na maji ya fosi yako kwenye kimo kimoja, yameshakutana. Na yakikutana, kisima hicho si cha kunywa tena.

Hapo ndipo franka za fundi zinakuwa jambo dogo. Kipindupindu kilifika pande za ziwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo Kalemie imehesabiwa na waganga kati ya miji ambako ugonjwa huu hauondoki moja kwa moja. Unapungua, unajificha, unarudi. Nyumba ambayo fosi yake inamwagika katika rigole ya barabara inawamwagia wote walio chini yake. Katika muda huo, mpaka maji yashuke, nyumba ya bonde inafaa kuacha choo cha maji na kutumia choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, ndoo yenye kifuniko na majivu kama hakuna kingine, na maji ya kunywa yatiwe dawa ya klorini au yachemshwe.

Kwa familia zilizo kambini hakuna tiyo ya kuziba, lakini kuna shimo linalojaa, na alama zake ni za jamaa moja. Kanuni za misaada za kimataifa, zile za Sphere, zinataka choo kimoja kwa watu 50 wakati wa haraka ya kwanza, kisha kimoja kwa watu 20. Zinataka pia choo kiwe mita 30 kutoka mahali pa kuchota maji, na chini ya shimo pabaki mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Vyoo vya turubai vilivyochimbwa kwa haraka havikukusudiwa kudumu miaka. Kamati ya kambi inayotaka kujua hali yake haihitaji chombo cha kupimia. Fimbo ndefu inatosha. Uchafu ukibakisha nusu mita kufika juu, choo kifungwe na kufukiwa na udongo. Kama maji ndani ya shimo yanapanda wakati hakuna mtu anayeingia, ni ziwa au mto, si watu. Kuongeza idadi ya vyoo mahali hapohapo hakutasaidia. Inabidi kupanda mlimani au kujenga juu ya ardhi.

Kongolo haina ziwa, lakini ina Lualaba, na mbele kidogo ya mji ina lile koo la mawe ambalo mto wote unapaswa kupita. Maji mengi yakija kutoka juu, yakiwa pamoja na yale ya Lukuga, yanasongamana na kurudi kwenye kingo. Wakaaji wa kata zilizo karibu na mto wanaweza kutumia kipimo kilekile cha kisima na fosi.

Lukuga nayo haijaachwa ijitunze yenyewe. Wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, kulijengwa kizuizi juu yake, si mbali na Kalemie, ili kupunguza kupanda na kushuka kwa ziwa. Mafuriko ya miaka ya 1960 na miaka mingi bila matengenezo vilikiharibu. Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa pamoja mwaka 2003, na mamlaka yao ya ziwa iliyo Bujumbura imekuwa ikizungumzia kukijenga upya. Mashauri hayo ni magumu kwa sababu kila mmoja anataka maji yakae kimo chake. Wenye bandari upande wa mashariki wanalia ziwa likishuka, meli zikikosa kina cha kutia nanga. Wenye nyumba za bondeni Kalemie wanalia likipanda. Na kilicho ndani ya mto kinaendelea kuongezeka, kwa sababu milima inayolimwa bila miti inatuma udongo wake Lukuga kila mvua, kama zamani za Cameron.

Katika nyumba za zamani za reli swali la kwanza bado ni dogo kuliko hilo: kifuniko cha fosi kiko wapi? Kwa wengi kimefunikwa na udongo, na wakati mwingine jiko limejengwa juu yake. Kabla ya kuchimba lupango lote, afadhali kumtafuta mzee wa mtaa aliyewahi kufanya kazi reli. Mara nyingi anakumbuka. Asipokuwepo, mtu afuate tiyo inapotoka ukutani, ahesabu hatua chache kwa mstari ulionyooka, apige chini na mtalimbo, asikilize mahali panapolia tupu.